Kisanduku cha Neno Moja

Neno lenyewe ni la kila siku. Utalisikia mlangoni, utalisikia dukani, utalisikia kwenye simu ukiulizia chumba cha kupanga, wala hutashtuka. Sikudhani naye alikuwa amelisikia mara elfu kabla ya mchana ule, na mara zote elfu lilipita likaenda zake. Mchana ule lilipita, likasita, likarudi, likamkaa kifuani.

Alikuwa amesimama mlangoni mwa nyumba moja ya ghorofa, katika mji ambao vibao vyake vyote vya majina vilikuwa vimepakwa rangi nyeupe ili, walisema wakubwa, vije viandikwe vizuri zaidi. Hakuna aliyejua tena mtaa gani ni upi. Sikudhani alikuwa ofisa wa watoto, mtu wa Nyumba ya Hifadhi, na siku ile alikuja kumpima uzito mtoto mchanga, basi. Akabisha hodi. Akatoka binti wa kazi, mikono ina povu la sabuni.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mwanangu. Wenyeji wapo?"

"Hapana. Mwenyewe hayupo."

"Nani hayupo?"

"Mwenyewe." Yule binti akashangaa kuulizwa. "Baba mwenye nyumba. Sisi hapa hatumtaji jina. Tunamwita Mwenyewe tu."

Jamani, kuna hofu inayokuja kwa hatua, unaiona tangu mbali, unapata nafasi ya kujifunga kibwebwe. Na kuna hofu nyingine ambayo ulikuwa nayo siku zote, umeikalia, umeilalia, umeivalia nguo ukaenda nayo kazini. Siku moja mtu anakutamkia neno moja tu, na unagundua kuwa kumbe unatetemeka tangu zamani. Hii ilikuwa ya pili. Akashika fremu ya mlango, na binti akauliza kama amletee maji.

"Saa ngapi sasa?" Sikudhani akauliza.

"Saa sita na nusu, dada."

Hakungoja maji. Hakumpima mtoto mchanga. Aligeuka akashuka ngazi mbilimbili, na kila ngazi ilimtamkia jina la mtoto mwingine kabisa, mtoto ambaye alishamfunga kwenye jalada na kumsahau. Siwema. Siwema. Siwema.

*

Ilikuwa lini? Katika mji ule siku hazikupanga foleni. Jana iliweza kuja baada ya kesho, na mwaka mzima uliweza kupita mtu akisubiri muhuri. Huenda ilikuwa wiki iliyopita, huenda ilikuwa mvua zile kubwa. Anachokumbuka Sikudhani ni sebule, na kochi la kahawia lililovishwa vitambaa vya kufuma, na juisi ya ukwaju kwenye bilauri ndefu, baridi, tamu, na yeye ana kiu. Anakumbuka kwamba siku ile alikuwa na nyumba kumi na moja za kuzungukia, na kwamba watoto waliokuwa chini ya jina lake walikuwa mia nne na kumi na mbili, na kwamba miguu yake ilikuwa miwili tu kama ya kila mtu.

Mtoto alisimama katikati ya zulia. Miaka minane. Mama yake alikufa, akaletwa kwa baba yake mdogo, na baba mdogo ndiye huyo aliyekaa kwenye kochi, magoti yamegusana na magoti ya ofisa, anatabasamu. Mtoto alikuwa na alama ya pasi, ile ncha ya mbele kabisa, imekaa kwenye ngozi kama iliyochorwa.

"Shikamoo," mtoto alisema.

"Marahaba. Nani kakuchoma, Siwema?"

Mtoto hakumtazama aliyemuuliza. Alimtazama aliyekaa pembeni yake. Kisha akajibu, kwa adabu zote, kama alivyofundishwa na nyumba nzima, maana mke wa mle ndani alimwita mumewe hivyo, na binti wa kazi alimwita hivyo, na kuku wangekuwa na midomo wangemwita hivyo hivyo:

"Mwenyewe."

Yule bwana akacheka kicheko cha watu wazima wanaoelewana. "Unamsikia? Kajichoma mwenyewe. Watoto wa siku hizi watundu, dada yangu. Pasi ile nimeikataza mara ngapi!" Akamjazia bilauri. "Karibu tena. Mimi hurudi saa kumi kamili, ukitaka kunikuta."

Na fomu ya Nyumba ya Hifadhi, naomba uielewe vizuri hapa, ina kisanduku. Kimeandikwa ALIYEMUUMIZA MTOTO, na upana wake ni wa neno moja. Aliyekibuni alisema maofisa wanaandika sana, wanachelewesha kazi, wapewe nafasi ya neno moja. Sikudhani akaandika neno moja. Lilienea vizuri mno, herufi ya mwisho ikagusa ukuta wa kisanduku, na chini yake kukapigwa muhuri: KAJIUMIZA. IMEFUNGWA.

*

Mwenyewe. Mwenye yeye. Mwenye nyumba, mwenye pasi, mwenye mtoto. Sikudhani alikwenda akilisema neno njiani, na watu wakampisha wakidhani anasali. Ni neno lenye milango miwili, alijisemea. Mlango mmoja anapita yule aliyetenda kwa mkono wake, na mlango wa pili anapita anayemiliki. Mtoto aliingilia huku, mimi nikamsubiri kule. Nani alijenga neno la namna hii? Nani aliwaza kwamba mtu kuwa yeye na mtu kuwa na mali ni jambo moja? Basi mtoto, ambaye hamiliki hata kijiko anacholia uji, atakuwa mwenyewe lini? Na kabla hajawa, ni wa nani? Akiwa wa mtu, hapo ndipo taabu inapoanza. Asipokuwa wa mtu, nani atamfungulia mlango?

Acha maswali, Sikudhani. Tembea. Ulisikia vizuri siku ile. Hapana, sikusikia. Ulisikia. Nilikuwa na nyumba kumi na moja. Tembea, mwanamke, tembea.

*

Nyumba ya Hifadhi ilikuwa na saa ya ukutani katika kila korido, na zote zilisimama saa saba na robo, saa ya watu kwenda kula. Ukiingia wakati wowote, wamekwenda kula. Ukiuliza, unaambiwa jambo lako lipo mezani. Ukisisitiza, unaambiwa nenda Kesho, nawe ukidhani ni siku, unaondoka. Kumbe Kesho ni chumba, mwisho wa korido upande wa kushoto, mlango umepakwa kijani, na ndimo yanamopelekwa majalada yote ambayo wakubwa hawataki kuyakataa wala kuyashughulikia.

Kwenye mabenchi ya korido walikaa watoto wanaosubiri kuitwa. Sikudhani alikuwa akipita pale kila siku bila kuwatazama, maana ukiwatazama utachelewa. Leo akatazama. Walikuwa wazee. Wamekaa miguu haifiki sakafuni, wameshika vikaratasi vyenye namba, na nywele zao nyeupe. Bibi mmoja asiye na meno, amevaa sare ya shule iliyombana kwapani, alimvuta upindo wa gauni.

"Anti, wameshafika namba thelathini na nane?"

"Una miaka mingapi?" Sikudhani akauliza, na sauti haikuwa yake.

"Saba," yule bibi akajibu. "Niliambiwa nisubiri hapa, watakuja kuniuliza kitu."

Sikudhani alijinasua akakimbia. Kama saba ya huyu imekuwa hivi, minane ya Siwema ni ipi? Atamkuta mtoto, au atamkuta bibi kizee aliyesimama katikati ya zulia, mgongo umepinda, bado anatazama pembeni?

Masjala ilikuwa chini ya ngazi. Karani wake, Mzee Lukindo, alikuwa mtu mpole, miwani imefungwa kwa uzi, na aliyapenda majalada kwa moyo wake wote. Aliyapangusa vumbi kwa kipande cha kanga, akayageuza ubavu yasichoke, na kunapokuwa na baridi aliyafunika.

"La Siwema?" Uso ukamchangamka. "Lipo, mwanangu, linaendelea vizuri sana! Ngoja nikuletee ujionee."

Akaingia ndani akarudi amelibeba kwa mikono miwili, amelilaza kifuani. Sikudhani aliacha jalada jembamba, fomu moja na picha moja. Hili lilikuwa limenona. Lilijaa, limefungwa kamba mbili, na alipoligusa lilikuwa na joto.

"Limenenepa," akasema.

"Eh! Linakula, hilo. Barua tu kila wakati."

"Na mtoto, Mzee Lukindo? Mtoto anaendeleaje?"

Mzee akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mtoto?" akasema taratibu, wala hakuwa na ubaya wowote, ndilo lililotisha. "Mwanangu, sisi hapa tunatunza majalada."

Sikudhani akafungua kamba. Barua sita. Ya kwanza ya jirani: anasikia mtoto akilia. Ya pili ya zahanati: mtoto ameletwa, mkono umevunjika. Ya tatu ya jirani tena. Ya nne na ya tano za mwalimu wake, aliyejitambulisha kama Mwalimu Tabitha wa darasa la pili. Na juu ya kila moja kulikuwa na maneno manne yale yale: Rejea jibu la awali. Jibu la awali lilikuwa kisanduku chake. Neno lake moja lilikuwa limekaa mlangoni kama bawabu, kila aliyekuja kumtetea mtoto likamwambia arudi alikotoka: kajiumiza mwenyewe.

Chini ya kila jibu kulikuwa na sahihi. Sikudhani. Sikudhani. Sikudhani. Wino mbalimbali, mikono mbalimbali, mmoja umelala kulia, mmoja umesimama, mmoja wa mtu mwenye haraka. Alijaribu kukumbuka kama ni yeye. Hakukumbuka, wala hakuweza kuapa kwamba siye.

Barua ya sita ilikuwa ya leo. Wino ulikuwa haujakauka, na muhuri wa Rejea jibu la awali ulishapigwa, bila shaka kabla haijasomwa.

*Siwema amekataa kutoka darasani asubuhi hii. Ameniambia: mwenyewe amejua kwamba nimesema, akirudi saa kumi atanimaliza. Nimemficha stoo ya madaftari. Mke wa baba yake mdogo amekuja na barua ya mlezi, mkuu wa shule amesema sheria ni sheria, mtoto amechukuliwa. Naomba, naomba sana, mje kabla ya saa kumi. Tabitha.*

"Mzee, saa ngapi?"

Lukindo akatazama ukutani. "Saa saba na robo, mwanangu. Wamekwenda kula."

*

Mkuu wa Nyumba ya Hifadhi hakuwahi kuonekana uso. Alikaa nyuma ya lundo la majalada lililofika dari, na kilichotokeza ni mkono mmoja wenye muhuri, na sauti, sauti nzuri ya mzazi.

"Karibu, binti yangu. Unahema. Kaa."

"Sikai, Mkuu. Nataka jalada hili lifunguliwe sasa hivi. Nataka hati ya kumtoa mtoto, na nataka askari. Saa kumi ataumizwa, pengine atakufa. Nilikosea. Aliposema mwenyewe, alimtaja baba yake mdogo."

"Aa." Mkono ukaweka muhuri chini, polepole. "Hayo hutokea. Fomu ya kufungua jalada iko mbele yako. Jaza sababu ya kosa."

Fomu ilikuwa na kisanduku. Upana wa neno moja.

"Mimi nitakusaidia," ile sauti ikasema. "Unaitwa nani?"

"Sikudhani."

Jina hilo alipewa na mama yake, aliyemzaa akiwa na miaka arobaini na tatu, akiwa ameshagawa nguo zote za kichanga. Wakamuuliza mtoto aitwe nani, akacheka hadi machozi, akasema sikudhani! Lilikuwa jina la furaha. Lilikuwa jina la mtu aliyekuja bila kutarajiwa akapokelewa kwa mikono miwili.

"Basi liandike," Mkuu akasema. "Liandike hapo kwenye kisanduku. Sababu ya kosa: sikudhani. Limeenea? Limeenea. Tukiandika hivyo hakuna aliyekosa, maana nani atamhukumu mtu kwa jambo ambalo hakulidhani? Jalada litafunguliwa, litaondoka hapa mezani, litakwenda Kesho, litashughulikiwa kwa utaratibu. Wewe utarudi kwenye watoto wako mia nne. Wanakuhitaji, binti yangu. Watoto wote hao wakose mtu kwa ajili ya mmoja?"

"Kesho hakuna anayetoka, Mkuu. Nimepita pale mlangoni. Nimesikia wanakohoa."

"Ni vumbi."

"Na nikiandika jingine?"

Lundo la majalada likatikisika kidogo, kama mtu nyuma yake amebadilisha kiti.

"Ukiandika jingine," sauti ikasema, na sasa haikuwa ya mzazi, "kosa litakuwa na mwenyewe. Kosa likiwa na mwenyewe, haliendi Kesho; sheria inataka lishughulikiwe leo, saa ile ile. Utapata hati, utapata askari. Na yule askari akimaliza kwa huyo bwana, atarudi kwako. Hakuna aliyewahi kuandika jingine. Tangu nyumba hii ijengwe, wote waliokaa hapo ulipo walikuwa na jina lako. Hata mimi, binti yangu." Mkono ukatandazwa mezani, kiganja juu, kama unaoomba. "Hata mimi naitwa Sikudhani."

Niseme ukweli wa mtu huyu, nisimpambe. Aliogopa. Aliogopa jela, aliogopa mama yake mzee kusikia redioni, aliogopa vile majirani watakavyomtazama akinunua nyanya. Aliogopa kiasi kwamba kalamu iliandika herufi ya kwanza ya jina lake kabla hajaiambia, ile S, imepinda vizuri. Akaitazama.

Kisha akakumbuka kitu ambacho hakuwahi kumwambia mtu, na alikuwa hajajiambia hata yeye.

Ile alama ilikuwa mgongoni. Katikati ya mabega mawili, pale ambapo hata kujikuna ni taabu. Siku ile ile, alipofika kwake jioni, kabla ya kula, Sikudhani alichukua pasi yake, ya baridi, waya umening'inia, akasimama mbele ya kioo akageuka. Akajaribu kwa mkono wa kulia kupitia juu ya bega. Akajaribu wa kushoto kupitia kiunoni. Alijaribu mpaka bega likauma, na ncha ya pasi haikufika. Akairudisha kabatini, akafunga mlango, akaenda akapakua wali. Akala. Tena alikula akashiba.

Akaikata ile S. Akaandika neno moja, herufi zikipanda na kushuka:

*Nilidhani.*

"Hilo si jina," Mkuu akasema.

"Ndilo langu tangu leo. Piga muhuri."

Na kwa kuwa muhuri haujui kusoma, unajua kupigwa tu, ulipigwa. Mshindo wake ulienda korido yote. Saa za ukutani zikakwaruza, zikakohoa, na mishale yake yote ikaanza kukimbia ikitafuta wakati iliouacha: saa saba na nusu, saa nane, saa tisa, saa tisa na dakika ishirini. Kwenye mabenchi wale wazee waliinua vichwa kwa pamoja. Sikudhani alinyakua fomu yake tupu ya mahojiano na kalamu, na pembeni ya ile iliyopigwa muhuri, nje ya visanduku vyote, akaandika kwa haraka: *Mtoto aulizwe peke yake. Na yaandikwe maneno yake yote.*

"Fomu haina nafasi hiyo!" sauti ikapaa.

"Itafutiwe," akajibu akiwa mlangoni.

*

Askari alikuwa mwanamke mfupi, Koplo Nambua, mwenye hatua ndefu kuliko miguu yake. Aliisoma hati wakitembea.

"Nikimaliza na huyu narudi kwako, dada. Unajua?"

"Najua."

"Mimi nina watoto watatu," Koplo akasema, na hakumtazama. "Usije ukaniomba kitu."

"Siombi. Kaza mwendo."

Mji uliwazidishia njia. Vibao vyeupe, vyote vyeupe, na kila kona ilifanana na kona waliyoiacha. Hapa kulikuwa na duka la madaftari, au lile lilikuwa la kwanza? Sikudhani alihema, koo limekauka, akajaribu kukumbuka mlango kwa jina la mwenye nyumba, na hakulikumbuka, maana hakuwahi kuliuliza. Ndivyo ilivyokuwa: aliandika juu ya mtu bila kumjua jina. Mwishowe alimuuliza mwanamke aliyekuwa akianika nguo, "Dada, samahani, kwa Mwenyewe ni wapi?" Na yule mwanamke, bila kuuliza mwenyewe yupi, akaacha kuanika, akaonyesha geti jeusi kwa kidole, akaingia ndani akafunga mlango wake. Basi kumbe mtaa mzima ulijua. Kwenye mtaa mzima, fomu peke yake ndiyo haikujua.

Saa kumi kasoro dakika kumi, geti lilikuwa wazi. Gari lilishaingia. Mwenyewe alikuwa amewahi kurudi.

Ndani hakukuwa na sauti. Sebule ilikuwa ile ile, kochi la kahawia, vitambaa vya kufuma. Juu ya meza ya kahawa ilisimamishwa pasi, imechomekwa ukutani, taa yake nyekundu inawaka. Hapakuwa na nguo. Hata leso ya kunyoosha haikuwapo. Mwenyewe alikuwa amekaa, amekunja mikono ya shati, anasubiri ipate moto.

"Aa, Bi Sikudhani!" akasema, akasimama, akatabasamu lile tabasamu. "Leo umenikuta. Karibu, karibu na mgeni wako. Mama, lete juisi!"

Na katikati ya zulia alisimama mtoto.

Alikuwa mtoto. Mungu wangu, alikuwa bado mtoto, hana mvi, hajapinda mgongo, amekonda tu, mkono mmoja haukunyooka vizuri ulipovunjikia. Sikudhani alitaka kulia, akasema moyoni siyo sasa.

"Bwana, hebu kaa," Koplo Nambua akasema. Akapita moja kwa moja mpaka ukutani, akachomoa waya wa pasi. Ile taa nyekundu ikazimika. "Kaa, nimesema."

"Kwani kuna nini? Huyu ni mtoto wangu mimi. Mimi ndiye mwenye…"

"Kaa!"

Mke wa Mwenyewe alitokea na trei, bilauri mbili ndefu, akaona sare ya polisi, akaganda pale pale mlangoni mwa jiko. Sikudhani alinyoosha mkono kwa mtoto. Mtoto hakuushika. Alimtazama Mwenyewe kwanza, kama alivyozoea, akangoja ruhusa, na ruhusa haikuja. Ndipo akatangulia yeye mbele, hatua za kuhesabu, wakatoka uani, wakapita tangi la maji, wakapita kamba ya nguo, wakatoka nje ya geti jeusi, ambako hakuna kochi wala mtu wa kutazamwa.

Hapo Sikudhani akapiga magoti kwenye vumbi, macho yake yakawa sawa na ya mtoto. Akaweka fomu juu ya paja. Alijua muda si mrefu Koplo atatoka na mmoja, kisha atamrudia yeye.

"Shikamoo," mtoto akasema.

Sikudhani alijiona hastahili kuitikia marahaba.

"Unanikumbuka, Siwema?"

"Ndiyo. Ulikuja, ukanywa juisi, ukaenda."

"Ndiyo. Ni mimi." Akafungua kalamu. "Leo hapa hayupo mtu. Tuko mimi na wewe tu. Nataka uniambie, nami nitaandika yote, hata yakijaa karatasi nzima. Nani alikuchoma?"

Mtoto alimtazama. Alimtazama machoni, kwa mara ya kwanza, muda mrefu, kama mtu mzima anavyomtazama mtoto asiyejua kusikiliza. Hakukasirika. Alionekana tu amechoka, na anashangaa.

"Si nilishakwambia?"